Njia Ninayoijua kwa Vidole

Tantine Germaine, shangazi wetu wa gazetini, bado nasikia mlio mmoja: kufuli la geti letu hapa Katuba likifungwa kwa nje, nami niko ndani. Aliyelifunga ni mama yangu. Naomba unishauri, maana kulia nimechoka.

Nina miaka ishirini na sita, nimemaliza sheria chuo kikuu, sioni tangu surua ya utotoni, na tangu hapo mama hunishika kifundo cha mkono kila tunapotoka, hata ofisi ya mawakili mjini iliponiita kwenye usaili alikaa kando yangu akajibu maswali niliyoulizwa mimi, na bado wamenichukua, naanza Jumatatu ijayo. Rafiki yangu Aimé aliniwekea kwenye simu programu ya ramani inayosema, akaiunganisha na kibodi ndogo ninayoivaa kiunoni, kwa sababu kioo cha simu ni laini tu, hakiniambii kitu, lakini vitufe vidole vyangu vinavijua: nikibonyeza mshale wa juu nasikia kona inayofuata, mshale wa chini nasikia niko barabara gani. Juzi nikaweka visikizi masikioni, nikatoka peke yangu kujaribu njia. Nilifika hadi sokoni, wauza mboga wakanishika mikono yote miwili.

"Uko naenda wapi, mutoto? Nani alikutupa?"

Nikasema naenda kazini. Wakacheka, wakanirudisha nyumbani kama mbuzi aliyepotea, na mama akawashukuru sana.

"Bantu batasema nimechoka na mutoto wangu," akaniambia, akiogopa maneno ya watu. Kisha likaja kufuli. Je, nimtii nipoteze kazi?

Plamedie, Katuba

*

Plamedie, pole, lakini kwanza nikugombeze. Ulimwonyesha mama yako hiyo kibodi inafanya nini? Hukumwonyesha. Yeye aliona mtoto hayupo, basi. Na masikio yote mawili umeyaziba! Ramani haijui mtaro uliochimbwa jana. Acha sikio moja wazi, na ubebe fimbo.

Mama naye amekosea. Kumfungia mtu mzima ni woga, hata ukiitwa upendo. Jumamosi tembeeni mpaka ofisini, wewe mbele, yeye nyuma hatua kumi, mdomo amefunga. Mkifika sokoni, awaambie wale wamama kwa kinywa chake: "Huyu anaenda kazini, mumwache." Akikataa, ita wajomba zako waongee naye. Usitoroke.

Germaine

*

Tantine, fimbo na sikio moja nimekubali. Jumamosi mama alivumilia nyuma yangu kwa hatua ishirini hivi tu, kisha akanishika tena. Wajomba sikuwaita, kazi si yao. Jumatatu nilikuta kufuli tena, nikasimama getini nikamwita mama kwa sauti mpaka majirani wakatoka kutazama, akaona aibu akafungua. Nilifika ofisini kabla ya wengine.

Nimeshapata chumba changu mtaa wa Kamalondo na nimehamia juzi. Sikutoroka: niliaga mchana, nikamwachia mama anwani. Akitaka kunitembelea, aulize njia.

Plamedie