Nilivyomkana Baba Topeni

Shikamoo baba. Afya ninayo, na wali wa huku Thailand unalika vizuri, ingawa pilipili yao haina adabu.

Jana chuo kilitupeleka pwani kupanda mikoko. Wenzangu walizama topeni mpaka magotini, viatu vikabaki huko chini. Mimi nilivua vyangu, nikapita juu ya mizizi kama ulivyonifundisha, nikawahimiza wafanye haraka kwa kuwa maji yameanza kujaa. Bibi mmoja mwenyeji, msimamizi wa upandaji, akanishika mkono akicheka. Akamwomba mwalimu wetu aniulize baba yangu anafanya kazi gani.

Baba, mwalimu huyo wiki nzima alikuwa akitufundisha kwamba wakata mikoko ndio waharibifu wa pwani. Nikajibu kuwa wewe ni karani wa ofisi, Dar es Salaam. Bibi alipotafsiriwa jibu langu aliitazama miguu yangu iliyojaa tope, kisha akauachia mkono wangu polepole.

Boriti zako za mikoko ndizo zilizonisomesha, nami nimezionea haya mbele ya mtu aliyekwisha kunijua.

Msalimie mama, nawe unipe radhi yako. Kadi hii ningeweza kuitia kwenye bahasha. Nimeiacha wazi, ili kila atakayeishika, kutoka huku mpaka posta ya Kibiti, asome kwamba mimi ni mtoto wa mkata boriti wa Nyamisati.

Mwanao,
Mwanahawa