Hakuna Aliyezibwa

Mjukuu wangu Elibariki,

Meza yangu ya mitumba sokoni Moshi niliipoteza mwaka uleule serikali iliporuhusu mitumba nami nikaianza, baada ya kupasuliwa utumbo. Operesheni ilifaulu, ila haja haikungoja tena ruhusa yangu. Wenzangu wakalalamikia harufu, nikaondolewa. Kuondolewa huko bado kunaniuma. Hapa Mwika hatujambo, na ng'ombe amezaa.

Unauliza kama uwaambie wenzako wa bwenini kwamba tangu upasuaji wako bado unajichafua. Mimi nilijifungia nyumbani, hadi mama mkwe akanicheka: "Wanaume wa Kichagga walidai wakishapita jando wanazibwa nyuma, hawaendi chooni tena. Na sisi wanawake, tukijua ni uongo, tukawafichia! Sasa wewe, mwanangu, unamfichia nani?"

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Kesho yake nikapanga meza nyingine karibu na choo cha soko, mahali pasipogombewa na mtu, nikiwa na khanga ya akiba. Tumbo halijatii hadi leo, lakini wateja walinifuata hukohuko.

Omba kitanda cha karibu na choo. Halafu mwambie mmoja unayemwamini. Ni nani? Nataka jina lake kabla ya mwisho wa mwezi, si maelezo.

Bibi yako