Fundo Lako Kwenye Paja la Ng'ombe

Tate,

Wameniambia nikuombee dua, baba yangu, nisikuandikie, maana maiti hasomi. Dua nimeomba. Lakini lipo jambo ambalo siwezi kumweleza mtu mwingine bila kuambiwa nina tabia ya kushuku watu, na tabia hiyo nimeirithi kwako.

Unakumbuka kopo la nyama alilokuletea kaka kutoka mashamba ya chai kule Bulwa? Ulilizungusha, ukalipindua, ukamuuliza fundo liko wapi. Mama alicheka hadi akakaa chini. Kopo likakaa darini mpaka likashika kutu, kwa kuwa hukumjua aliyechinja. "Kisichojulikana kilikotoka hakiingii chunguni," ulisema. Ulituchosha na maneno hayo, Tate. Hata kwenye harusi za watu ulizunguka nyuma ya nyumba kutafuta kichwa cha mbuzi ili uitazame shingo.

Lakini Vuga nzima ilikula kwa mkono wako. Ukishachinja, ulichana kamba mbichi ya mgomba, ukafunga kila paja kwa lile fundo lako la kurudi nyuma mara mbili, ndipo Mjomba Athumani, muuzaji wa bucha la kijiji, akalipokea na kulitundika. Waislamu waliangalia fundo wakanunua. Hata majirani zetu Wakristo waliliangalia, maana walijua ng'ombe wa fundo hilo alilazwa akiwa hai na mzima.

Tulipokuzika, bucha halikufungwa hata kwa matanga. Hilo lilinikera. Mjomba Athumani akasema amepata mchinjaji wa Mombo, mtu hodari, mcha Mungu. Jina hakulitaja, na hakuna aliyemwona mtu huyo akipanda mlima wala akishuka. Nilipouliza, mwenyekiti wa kijiji akanijibu kwamba bucha ni mali ya wote na maswali yangu yanarudisha ujamaa nyuma. Nikaacha kuuliza, ila nyama sikula wala buchani sikukanyaga.

Ikafika hitma yako ya arobaini. Kijiji kikatoa mapaja mawili. Yalipotuliwa uani, Mama, ambaye eda ilimzuia kwenda buchani, aliona fundo lako, akalishika, akaangua kilio. "Tazameni, mkono wake huu." Wanawake wakalia naye. Mimi sikulia, Tate. Nilijiuliza maiti amefungaje kamba.

Nikainama nikaigusa. Kamba yako siku zote ilikuwa mbichi, ikiacha doa la utomvu kidoleni. Hii ilikuwa kavu, na ilinuka moshi wa jikoni. Nikaligeuza paja. Kwa nyuma kamba ilikuwa imeungwa kwa fundo jingine, la ovyo, kama la kufungia mbuzi malishoni. Hapo nikakumbuka msumari ulio karibu na mafiga yetu, tunapotundika kamba zako za zamani, zilizokatwa upande wa nyuma na fundo likabaki zima, ili tufungie mboga. Nilikwenda kutazama, msumari ulikuwa mtupu. Mke wa Mjomba alikuwa amezipitia nyumba kwa nyumba, akisema anataka kamba za kufungia maharage.

Nikamwita Mjomba mbele ya Mama na mwalimu wa madrasa. Alikana, kisha akachoka kukana. Mtu wa Mombo hakuwapo kamwe. Ng'ombe huyu wa hitma alianguka kutoka gari la kijiji kwenye njia ya Mtae, na Mjomba alipomfikia na kisu alikuwa amekwisha kupoa. Nyamafu, Tate, kwenye hitma yako! Nilimuuliza kwa nini akufanyie hivyo wewe, uliyekula naye sahani moja.

"Watu hawakuniamini mimi, mwanangu," alisema. "Waliamini fundo."

Ng'ombe waliotangulia, waliofungwa kamba zako vilevile, anadai aliwachinja mwenyewe, kwa jina la Mungu. Huenda. Lakini fundo lilikuwa lako na kisu kilikuwa chake, na waliokula hawatajua kamwe walikula nini. Hilo linanichoma zaidi ya ile nyama.

Nyama yenyewe tuliifukia. Wageni wako walikula ndizi na maharage, na wapo waliosema hitma ilikuwa ya kifukara. Nawajua, na nitawakumbuka.

Sasa sikia. Juzi mwenyekiti amekuja kwetu, mpole, kanywa chai yote. Mama alikuwa amemwambia kwamba ulinifundisha fundo lako nikiwa mdogo, kwa mashina ya viazi vitamu, ukidhani nacheza tu. Kijiji kimepata mchinjaji mpya, kijana, na safari hii nimemwona kwa macho yangu. Watu wanaogopa nyama yake. Mwenyekiti anataka mimi niwe nafunga, basi, ili roho zao zitulie. Sitakuficha, vidole vyangu vilitaka. Ingekuwa kama kukushika mkono.

Nimekataa. Siwezi kufunga fundo lako kwa shingo iliyokatwa na mwingine. Nimemwambia huyo kijana afunge la kwake, na watu waje machinjoni wamtazame mpaka wamjue, kama walivyokujua wewe. Zile kamba za zamani nimezikusanya kwa mke wa Mjomba, nikazichoma. Mama hajaniwia radhi bado.

Nakuahidi, Tate, fundo lako halitaonekana tena kwenye nyama ya mtu. Leo nimechana kamba mbichi kwenye mgomba wa nyuma ya nyumba, utomvu uko kidoleni ninapoandika. Barua hii nitaifunga kwa kamba hiyo, kurudi nyuma mara mbili, mara ya mwisho. Yaliyomo nimeyashuhudia mwenyewe.

Lala salama.

Mwanao,
Zaina