Chupa za Mwaka wa Mvua

Bonde la Mosel, mwisho wa Februari

Mdogo wangu mpendwa Hartmut,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Silke na watoto, na kwamba kifua cha Silke kimepata nafuu, maana najua upepo wa huko Lübeck haumhurumii mtu. Sisi huku hatujambo. Nimemaliza kupogoa mizabibu ya upande wa juu. Magoti yananiuma kwenye ule mteremko, lakini kazi imekwenda. Baba yupo. Mwili wake una nguvu kuliko wangu, ni akili tu inayozidi kumwacha.

Uliniuliza kwenye simu kama bado ananitambua. Siku nyingine ananiita kwa jina langu, Roswitha, siku nyingine ananidhania kibarua, anauliza ni nani aliyeniruhusu kukaa jikoni wakati wenzangu wanavuna. Wakati wa Krismasi alikuwa hasemi kabisa. Alikaa karibu na jiko akikunja na kukunjua kitambaa cha meza, na daktari akaniambia tusitarajie zaidi ya hapo.

Egon jirani ndiye aliyegundua jambo. Alikuja kutusalimu siku ya mwaka mpya, akanikemea kwa kumpa mzee chai kama mgonjwa, akaniagiza nishuke ghalani chini nilete mvinyo wetu mweupe, Riesling ya maana. Nikaleta ya mwaka wa sabini na moja. Unajua wazee wanavyousifu mwaka ule, jua kuanzia Mei, kisha ukungu wa asubuhi wakati wa mavuno. Mvinyo umeiva rangi ya dhahabu, unanukia asali na mafuta ya taa, kama Riesling nzuri inavyonukia ikizeeka. Baba akanusa, akaonja. Halafu akamwambia Egon, kwa ile sauti yake ya zamani ya kuamrisha, "Vua koti, mjinga wewe, utayeyuka kwa joto hili." Nje kulikuwa na theluji, lakini yeye alikuwa kwenye jua la mwaka ule. Akaendelea kuzungumza mpaka giza likaingia, kuhusu nyigu waliokuwa wakilewa kwenye vikapu vya zabibu, na kuhusu Mama, ambaye alikuwa bado hajamwoa, alivyokuwa akipanda mteremko huku anaimba. Egon alicheka hadi machozi yakamtoka.

Tukaendelea kumjaribu. Mwaka wa sabini na sita ulikuwa na joto kupita kiasi. Mvinyo wake ulianza kwa utamu mwingi, watu wakaugombania, na sasa umechoka, umelegea kama tofaa lililosahauliwa darini. Huo ulimpa Baba maneno machache tu, akasinzia.

Chupa za mwaka wa themanini na nne nilizifungua Egon akiwa hayupo.

Wewe ulikuwa na miaka minane, sijui unakumbuka kiasi gani. Kiangazi kile jua lilikataa kutoka. Mizabibu ilichelewa kutoa maua, mvua ikanyesha hadi Novemba, na zabibu tulizovuna zilikuwa za kijani, ngumu kama vifungo vya shati. Mama alikuwa anakohoa na mwili unawaka. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikamsikia Baba akimwambia, "Homa yako haitanivunia zabibu. Vaa buti." Akavaa, akapanda. Kabla ya Krismasi tukamzika, na ulipolia kaburini Baba alikuambia utalia ukishamaliza kuosha mapipa. Mvinyo wenyewe hakuna aliyeutaka. Egon alisema unafaa kung'olea kutu kwenye jembe. Baba akazirundika chupa nyuma kabisa, akapiga marufuku zisiguswe.

Nakuambia kweli, Hartmut, leo huo ndio mvinyo mzuri kuliko wote tulio nao. Ule uchachu uliotukunja sura ndio ulioulinda. Miaka yote hii umekuwa ukilainika polepole gizani, na sasa una ganda la limau, una harufu ya jiwe lililonyeshewa, na mwishoni unakuja utamu mdogo usioutegemea. Nilipouonja nilikasirika. Sikutaka mwaka ule uwe umetoa kitu kizuri.

Baba alikunywa, akatazama dirishani, akauliza kama mvua bado haijakatika. Kisha akamuulizia Mama kwa jina, Gerlinde yuko wapi. Nikamjibu kwamba yuko juu mteremkoni anavuna, na aliyemtuma ni yeye Baba mwenyewe. Akasimama, akaanza kutafuta buti chini ya benchi, akirudia, "Ana homa yule, nani kamwacha apande? Ana homa." Nikamwacha atafute. Nilipomaliza glasi yangu nikamwambia, "Mama amekufa, Baba. Amekufa kwa kuvuna zabibu zako." Sijawahi kumwona akilia maishani mwangu. Alilia akiwa amepiga magoti, buti moja mkononi, mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi alikunywa kahawa, akauliza kama umebaki mkate mweusi. Hakukumbuka lolote.

Ningependa kukuandikia kwamba yaliishia hapo. Jumapili iliyofuata nilishuka tena chini, nikaleta chupa nyingine ya mwaka uleule, na tangu hapo sijaruka Jumapili hata moja. Kila mara kwake ni habari mpya. Kila mara inamwangukia kana kwamba Mama amekata roho muda huohuo. Siku hizi simwambii upesi. Namwacha avae koti, namwacha afike mlangoni na kushika kitasa. Egon akipita huona nimemtandikia mzee kitambaa safi na kumwekea glasi ya fuwele, huniambia kijiji kizima kinanisifu, kwamba mtoto kama mimi hazaliwi mara mbili. Namshukuru.

Ulipoondoka hapa mara ya mwisho ulisema hutakanyaga nyumba hii mpaka aombe radhi. Basi ujue anaomba. Hunishika mikono yote miwili, huniita kwa jina langu bila kukosea, husema, "Roswitha, nisamehe mwanangu, mimi ndiye niliyemlazimisha." Namfuta uso, namwambia nitamjibu kesho asubuhi.

Chupa zilizobaki ni chache. Njoo kabla ya Pasaka, uje Jumapili. Nitakuweka mkabala naye, nami nitanyamaza, umwambie wewe.

Nibusie watoto, na Silke mwambie asitoke bila skafu. Egon anakusalimu sana. Baba naye angekusalimu, kama angejua kwamba upo.

Dada yako akupendaye,
Roswitha