Selimundu ya Somoe si ya Sharifa

Jumatano.

Hasira bado hazijanitoka. Mwanangu Hamisi kawapeleka wajukuu wangu, Somoe na Sharifa, Nanyamba kuokota korosho, Somoe karudi analia mifupa inamuuma.

Eti, "Mama, anadeka. Mbona Sharifa ana selimundu hiyo hiyo na kaokota?"

Mjomba mzima, hana haya!

Darasa sikuliona, lakini daktari nilimwelewa. Wote wamerithi ugonjwa huo wa damu, ila Sharifa karithi na kitu kingine kwenye damu kinachoupunguza makali. Somoe hakukipata.

Nikamwambia Hamisi, "Wewe umerithi urefu wa baba yako, mdogo wako hakuupata. Naye anadeka?"

Nimemtuma akalete bajaji, tumpeleke Somoe hospitali.

Sharifa, akimkanda dada yake miguu, kaniuliza, "Bibi, hicho changu hakigawiki?"

Nimemfokea akalale, nisije nikalia mbele yake.