Maji ya Asumini

Jumatano, baada ya isha

Nimemwambia hatimaye, na sasa hatusemezani.

Tangu mama afariki, baba huumwagilia maji mwasumini aliouacha mama, ule ulio kwenye pipa la plastiki hapo uani, asubuhi, mchana na jioni. Wiki hii majani yamelegea, yakageuka manjano na kuanza kupukutika. Yeye akaona ni kiu, akazidisha maji.

Leo alipoinua kopo nilimshika mkono. Nikamweleza kwamba mizizi iliyozama hukosa hewa, na mti ukitaabika hivyo hutoa gesi ndani yake iitwayo ethilini, ambayo huyainamisha majani na kuyaangusha.

"Si ndiyo gesi inayoivisha ndizi?"

"Ndiyo hiyo hiyo, baba. Mti huu umezidiwa na maji."

Akanitazama kwa hasira ambayo sijapata kuiona. "Kwa hivyo mimi ndiye ninayemuua?"

Alisema "ninayemuua," kama anayezungumzia mtu. Nikachukua msumari na nyundo, nikalitoboa pipa upande wa chini. Maji meusi yenye uvundo yakamwagika mpaka kwenye viatu vyake, naye hakusogea.

Naogopa. Huenda mizizi imeshaoza, na mti huu ukifa baada ya maneno yangu...

Sasa hivi amebisha mlango wangu. Hakuingia.

"Kesho nisimpe kabisa?"

"Usimpe, baba. Mwache apumue."