Shingo Yauma, Labonyezwa Bega

Mjukuu wangu Saidi,

Amani ya Mola iwe nawe. Huku Chundwa tu wazima. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike.

Waniuliza kama daktari wa viungo akuhadaa, maana shingo yauma naye abonyeza bega. Hata mimi, usichanani, nilimshuku Bi Mwanaesha, mkandaji wetu. Shingo ilikakamaa, mama akanivika hirizi. Bi Mwanaesha akanibonyeza kifundo begani, maumivu yakaruka hadi nyuma ya jicho. Nikawaza, mchawi huyu!

“Mwanangu,” akasema, “kutwa umeinamia kusuka mkeka?”

Nani kamwambia? Kifundo kikalegea, na shingo ikageuka. Tangu hapo naushuku mkeka.

Mpe daktari wako bega. Kisha unambie, huko Nairobi kutwa wainamia nini?

Bibi yako